Ombi la Kuongezewa Muda kwa Niaba ya Ufa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kivule, Dar es Salaam. Naandika kwa niaba ya ufa ulioko juu ya dirisha la sebule yangu, ambao kwa bahati mbaya haukusoma sheria kabla ya kutokea.

Kosa lake ni uchelewaji. Fundi alinikabidhi ufunguo Agosti 2018. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mwenye madai ya mkataba miaka 6, na miaka hiyo huhesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa, si tangu aliyevunjiwa alipojua. Ufa mstaarabu ungebisha hodi kabla ya Agosti 2024, ukaniachia na wiki mbili za kutafuta wakili. Wangu ulikuja masika ya 2025, saa nane usiku, kwa mlio wa muwa unaovunjwa gotini. Nilipowasha taa ulikuwa umeshatoka kona ya dirisha na kuupita mstari wa rangi, unaelekea kwenye kenchi.

Nikampigia fundi. Alikuja siku ya nne, akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akatega sikio. "Mama, usiwe na hofu, hapo nyumba inapumua." Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo ilikuwa imebana pumzi. Akasema ardhi ya huku ina tabia zake. Kisha akaomba mfuko mmoja wa saruji na nauli. Nilimpa vyote, Mheshimiwa, usiniulize kwa nini. Baada ya siku kumi ufa ulirudi palepale, safari hii ukiwa na plasta mpya pembezoni kama nguo ya pindo.

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mhandisi, akaja kuniamkia. Alipaka kipande cha jasi kukatiza ufa, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu yangu nyekundu. Siku ya nane jasi ikakatika katikati. "Shikamoo tena, mwalimu," akasema, "ukuta unatembea." Akachokonoa lenta. Nilinunua nondo nne za milimita 12 kwa lenta ile, na risiti ninazo. Ndani tulikuta mbili, za milimita 10, na zege lililomomonyoka kwa ukucha kama kashata. Zile nyingine naamini zimo kwenye nyumba ya mtu, zinafanya kazi niliyozilipia.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mwanasheria, na kwa kweli alinitia moyo. Nilidhani kosa langu ni kutokuwa na karatasi. Akasema hapana: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo, na kifungu cha 73 kinampa aliyeumizwa haki ya fidia. Meseji za WhatsApp ambamo fundi anaandika "nondo 4 za 12 zimefika mama" zinaweza kupokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Mama lishe aliyemlisha fundi miezi mitano yuko tayari kusimama kizimbani, maana naye anamdai. Milango yote ilikuwa wazi. Ndipo akaniuliza tarehe ya ufunguo.

Akajaribu dirishani. Madai ya uzembe yana miaka 3, akasema, na tunaweza kujenga hoja kwamba miaka hiyo ianze kuhesabiwa madhara yalipotokea. Nikafurahi, nikamwonyesha picha zote za ukuta zilizo kwenye simu. Akasita kwenye moja ya 2020, picha ya sikukuu, wajukuu wamekaa chini ya dirisha, na juu ya kichwa cha mdogo kuna mstari mwembamba kama unywele. "Hii nani mwingine ameiona?" akauliza. Tangu siku hiyo picha ile imekuwa siri ya familia, na sasa nimekwambia wewe.

Kimebaki kifungu cha 26. Kinasema kosa likifichwa kwa udanganyifu, muda hauanzi mpaka mdai augundue udanganyifu huo, au mpaka siku ambayo angeugundua kwa uangalifu wa kawaida. Kifungu kizuri. Ila aliyekiandika nadhani hajawahi kusimamia ujenzi. Katika kazi hii kila kitu hufichwa! Nondo hufichwa na zege, zege hufichwa na plasta, plasta na rangi, na msingi ndio unazikwa kabisa tena kwa kuchinjiwa mbuzi. Uangalifu wa kawaida ni upi hapo? Nilipaswa kila Agosti kuubomoa ukuta, nihesabu nondo, kisha niujenge upya kwa fundi yuleyule?

Jirani yangu alitumia mkandarasi aliyesajiliwa. Yeye anaweza kumshitaki kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ina uwezo wa kumfuta kwenye daftari. Fundi wangu hayumo kwenye daftari lolote isipokuwa la mama lishe. Tena jirani alizuia asilimia 10 ya malipo mpaka kipindi cha matazamio kiishe, kama mnavyofanya ninyi serikalini kwenye barabara. Mimi nililipa zote siku ya ufunguo, na soda juu. Matazamio ninayo hadi leo, pesa ndiyo sina.

Najua nyumba yangu ni ya chini. Haikuanguka kama lile jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu ya 2013, lililoua watu 36, wala kama lile la Kariakoo, Novemba 2024, ambalo baada yake iliundwa tume ya kukagua majengo. Ufa mmoja wa Kivule hauundiwi tume. Ila sidhani kama yale maghorofa yalianza kwa kuanguka.

Sasa ombi. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinakuruhusu, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuongeza muda wa kufungua shauri pale haki inapotaka hivyo, mradi nyongeza isizidi nusu ya muda wa awali. Nusu ya 6 ni 3. Tukihesabu tangu Agosti 2018 tunafika Agosti 2027, na ufa wangu unakuwa umewahi. Kama itaonekana ni upendeleo, basi toa waraka kwa nyufa zote nchini zijitokeze ndani ya muda wa kisheria, saa za kazi, na zile zinazosubiri mvua zionywe.

Naambatanisha picha (si ile ya 2020), risiti za nondo na kipande cha jasi kilichokatika. Nilikusudia kuambatanisha na kipimo. Nilikuwa nikipima upana wa ufa kwa sarafu: Januari ya shilingi mia ilikwama mlangoni, Machi ikaingia. Jumanne nilijaribu ya mia mbili ikadumbukia ndani ya ukuta. Nimeisikia ikiteremka muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kivule