Starehe za Kiangazi Mungaa

Katika kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, mtama na alizeti vikishavunwa hufuata miezi ya kile wataalamu wanachokiita muda wa ziada, yaani saa ambazo mtu hadaiwi kazi yoyote. Mwanamume huutumia muda huo kwa drafti, mchezo wa ubao wenye miraba 64 ambao kete zake 24 aghalabu ni visoda, na kwa kuitetea klabu ya soka ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, au ya Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, kwa bidii ambayo shamba lake halijawahi kuiona. Mwanamke naye amejaliwa burudani za aina nyingi zaidi: kuchota maji, kutafuta kuni, kupepeta nafaka na, akiamua kupumzika kabisa, kusuka kikapu huku akimbembeleza mtoto mgongoni. Kwa kuwa haonekani kuketi barazani, mabingwa wa drafti humhesabu kuwa ni mtu asiyejua kustarehe. Basi, kabla ya watu kuulizana wanapenda kufanya nini baada ya kazi, ni vema wakaulizana kwanza kazi ya nani imekwisha.