Fursa ya Nguva

Ndugu mjasiriamali, najua ulikotoka. Ulifuga kuku, kideri kikawapitia kabla hujauza hata trei moja ya mayai. Ulilima matikiti kwa simu, shamba liko mkoa wa mbali, na hadi leo msimamizi hapokei. Ukaingia kwenye dawa za kupunguza tumbo. Tumbo likabaki, mtaji ukapungua. Sasa vuta kiti. Nakupa biashara isiyotaka chanjo, mvua wala leseni ya uvuvi: kutengeneza nguva.

Kwanza tuelewane ni nguva yupi, maana sisi wa pwani neno letu ni moja na viumbe ni wawili. Yuko nguva wa hadithi, mwanamke juu, samaki chini. Na yuko nguva wa Rufiji na Mafia, mnyama mnene wa kijivu anayekula nyasi za baharini na kunyonyesha mwanawe, ambaye jamaa zake wa karibu huku nchi kavu ni tembo. Huyu wa pili hamo kwenye mradi wetu. Wamebaki wachache mno, mwache ale nyasi zake. Isitoshe, hana sura ya kuuzika. Januari 1493 Christopher Columbus aliona watatu wakichomoza majini karibu na kisiwa cha Hispaniola, na kumbukumbu za safari yake zinasema hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Inaaminika aliowaona ni binamu za nguva wetu waishio Karibi. Mteja hakulipa hata kiingilio, na bado akalalamikia bidhaa!

Tuje kwenye malighafi. Utasikia mitaani kwamba kanuni ni kima juu, samaki chini. Hiyo ni ya mafundi wa zamani, na hata wao walikuwa wanabana matumizi kuliko tunavyodhani. Makumbusho ya Horniman jijini London yana "nguva dume" aliyesifika miaka mingi kuwa nusu kima. Alipochunguzwa kwa mionzi, kima hakuonekana hata ukucha: ni mbao, waya, udongo, karatasi na samaki. Kwa hiyo usiwasumbue kima wa watu. Nenda kwa fundi seremala, pitia kwa muuza samaki, malizia duka la vifaa vya shule.

Kama mtaji ni mdogo zaidi, nunua taa mmoja, yule samaki bapa. Mkate mapezi kwa kisu, mkunje, mfunge uzi shingoni, mwanike juani. Matundu ya pua yaliyo upande wa tumbo yatakuwa macho, mdomo utabaki mdomo, na utapata kiumbe cha kumtisha hata mama mkwe. Ujanja huu ni wa kale; Conrad Gessner, bingwa wa elimu ya wanyama kutoka Uswisi, aliwaonya wasomaji wake juu yake mwaka 1558. Onyo lake halikuharibu soko. Siku hizo waliosoma vitabu walikuwa wachache, na wanunuzi wa vioja wengi.

Lakini kiwiliwili ni kazi ya wiki moja. Kinachouza ni cheti. Katika hekalu la Enjuin, mkoa wa Okayama nchini Japani, kuna nguva mkavu wa sentimita 30 hivi, amefumbata viganja karibu na mdomo kama aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na karatasi isemayo alinaswa wavuni katika bahari ya Tosa kati ya 1736 na 1741. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Kurashiki walimpima kuanzia 2022, wakatoa majibu 2023: hana fuvu wala uti wa mgongo, ndani ni karatasi, kitambaa na pamba, mabegani kavishwa ngozi ya bunju, na chini ni mkia wa samaki. Umri wake? Mwishoni mwa miaka ya 1800. Yaani alizaliwa zaidi ya miaka 100 baada ya kuvuliwa. Umeona cheti kinavyoweza kumtangulia mwenyewe?

Na katika cheti usijisumbue kusifia magamba. Uza umri. Wajapani wana hadithi ya binti aliyekula nyama ya nguva akaishi miaka 800. Hapo hesabu inajifanya yenyewe, ingawa mimi binafsi ningemshauri mteja aulize kwanza kuhusu kodi ya pango.

Sasa nikuonyeshe shimo alimodumbukia mwenzako. Mwaka 1822 nahodha Mmarekani, Samuel Barrett Eades, alimwona nguva mkavu huko Batavia, Jakarta ya leo, akapagawa. Fedha hana. Alichonacho ni meli, nayo si yake: fungu lake moja kati ya manane, mengine ya tajiri mmoja wa London, Stephen Ellery. Akauza meli, akanunua nguva. Akamfikisha London, akamweka kwenye mkahawa wa mtaa wa St James's, kiingilio shilingi moja, na watu wakaja kweli. Kosa lake ni moja: alijigamba magazetini kwamba mabingwa wamethibitisha. Bingwa William Clift alikuwa amekwisha kumkagua na kukuta fuvu la orangutani, meno ya nyani na macho bandia. Mabingwa wakahamaki, siri ikamwagika. Ellery naye akaenda mahakamani kudai meli yake. Nahodha akarudi baharini kulipa deni, na inasemekana alipokufa hakumwachia mwanawe kitu ila yule nguva.

Huyo huyo, mwaka 1842, akafika mikononi mwa mtu aliyeijua kazi. P. T. Barnum wa New York hata hakumnunua. Alimkodi kwa Moses Kimball wa Boston, dola 12.50 kwa wiki. Kisha akaacha kusema lolote. Barua zikaanza kuingia magazetini kutoka miji ya kusini, zikimtaja bila haraka "Daktari Griffin" wa Uingereza, mwenye nguva wa Fiji. Daktari huyo alikuwa Levi Lyman, rafiki yake Barnum. Kila mhariri akapewa picha ya nguva mrembo, kila mmoja akiamini kapewa peke yake, na wote wakaichapa Jumapili moja. Vikachapwa vijitabu 10,000. Waliofika walikuta kitu cheusi, kikavu, kimekunja uso, lakini kiingilio kilishalipwa, na nani atarudi nyumbani kukiri? Kwa wiki nne makusanyo ya makumbusho yake yalipanda kutoka dola 1,272 hadi 3,341.93. Zile senti 93 ndizo zinazonifurahisha: mtu aliyedanganya jiji zima hakutaka hesabu zake ziwe na dosari.

Madhara yapo, sikufichi. Mafundi wetu waliwaharibu wataalamu kiasi kwamba ngozi ya mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw, mwaka 1799, aliandika kwamba ni vigumu kutoshuku kuwa kaunganishwa na mtu. Mnyama alikuwa wa kweli kabisa. Hilo ni tatizo lake na mdomo wake.

Mwisho, uhifadhi. Makumbusho ya Barnum yaliteketea mwaka 1865, ya Kimball nayo inasemekana yakaja kuungua, na nguva wa Fiji hajulikani kwa hakika alikoishia. Chuo cha Harvard kina mmoja aliyetoka kwa warithi wa Kimball, na watu wanabishana mpaka leo kama ndiye. Majivu hayapigwi mionzi. Basi wako akisharudisha mtaji na faida, usimtunze kupita kiasi. Mwache karibu na jiko.