Kanisa la Mkunazini: Mambo Sita, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Wenyeji wa Mji Mkongwe, Unguja, huliita Kanisa la Mkunazini. Jina lake rasmi ni Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana. Tuanze na la sita.

6. Saa ya mnarani. Inasimuliwa kuwa ilitolewa na Sultani Barghash, Muislamu. Ujirani ndio huo! Swala zilitofautiana, saa ikawa moja.

5. Nguzo zilizopinduliwa. Karibu na mlango wa magharibi zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Masimulizi yanasema Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini, na mafundi hawakuwahi kuona nguzo za aina ile. Aliporudi akaziacha vilevile. Heri yake, maana leo hakuna mgeni anayezipita bila kuzitazama.

4. Paa. Steere alitaka kuba refu la mawe ya matumbawe na saruji, bila boriti hata moja ya kulishikilia. Watu wakatabiri litaanguka. Waliotabiri wameshazikwa wote, paa lipo. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare, chini ya paa lake. Fundi akiiamini kazi yake, ndivyo afanyavyo.

3. Msalaba wa mti wa Chitambo. Moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa chini ya mti huko Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake hadi pwani. Mwili uko London, moyo Zambia, na mbao za mti ule zikawa msalaba Unguja. Mtu mmoja, nchi tatu! Ila waliotembea kwa miguu ni Chuma na Susi, na sifa zao hazijatosha.

2. Uwanja wa nje. Sanamu za watumwa watano, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, zimesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Sogea karibu: nyuso hazifanani, kila mmoja ana huzuni yake. Jengo la jirani, lililokuwa hospitali ya misheni, sasa lina maonyesho ya historia ya utumwa. Piga picha, ndugu yangu, lakini tabasamu liache getini.

1. Altare. Hapa palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka uleule. Duara la marumaru sakafuni, mbele ya altare, linaonyesha mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Lakini tusijidanganye: soko lilifungwa, utumwa haukuisha. Sheria ya kuukomesha Zanzibar ilikuja mwaka 1897, kwa hiyo kanisa lilisimama miaka mingi katika mji ambao bado watu walimilikiwa.

Wageni wengi hulijua kama makumbusho tu. Ni kanisa lenye waumini wake. Ukifika Unguja, nenda pia Jumapili, ukae nao ibadani.