Jinsi ya Kumtoa Mjitoleaji Kwenye Simu

Una kundi la WhatsApp lenye watu mia tatu walioapa kupanda miti, kuchimba matuta na kukarabati mabwawa ya mchanga. Kila alfajiri wanatakiana baraka. Ukitangaza mkutano wa ana kwa ana, themanini wanaweka kidole gumba. Siku ikifika mko sita chini ya mwembe, na mmoja wenu ndiye mwenye mwembe.

Basi anza na mahali. Ni marufuku kuandika "tukutane Kitui". Kaunti hiyo ya Ukambani, Kenya, ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, zaidi ya mara tatu ya Makueni, na mtu wa Kyuso akisoma tangazo lako anaona nusu siku imeishia barabarani. Gawanya mikutano: Mwingi wawe na wao, Mutomo wao; na kule Makueni, Wote wao, Kibwezi na Makindu wao. Taja kanisa lililo karibu, taja steji, kisha taja bei ya boda kutoka hapo stejini. Bei hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote, na ndiyo wasimamizi wa makundi husahau. Kijana asiye na kazi hatauliza mbele ya watu mia tatu kama nauli itarudishwa. Atanyamaza, na hatakuja. Mjibu kabla hajauliza.

Kisha wakati. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo Ukambani hutegemea zaidi, kwa hiyo mkulima mwenye ndengu za kupanda usimwite akakae kwenye kiti cha plastiki. Jumamosi, uliza kwanza nani anazikwa. Jumapili asubuhi usiiguse. Siku ya soko ndiyo yako, mchana, mbuzi wakishauzwa.

Bango la rangi lenye nembo saba linakula bando, na bando hununuliwa. Andika mistari mitatu, halafu tuma ujumbe wa sauti kwa Kikamba usiozidi dakika moja, maana anayekusikiliza yuko shambani na mikono ina udongo. Mpelekee chifu tangazo alisome barazani, lipeleke kanisani, omba litajwe Musyi FM au Mbaitu FM.

Yote hayo ni maandalizi tu. Kinachomtoa mtu nyumbani ni kuitwa kwa jina na mtu atakayegundua kwamba hakuja. Wanawake wa mwethya, vikundi vya Wakamba vya kusaidiana kazi, walijua hivyo zamani, na matuta mengi ya Ukambani yalichimbwa na vikundi vyao. Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza mwaka 1978 kwa majirani waliofahamiana, na huko Kitui shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga pamoja na jamii tangu miaka ya 1990. Hata serikali ya kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana kuanzia 2013, ilianzisha mijadala ya miradi vijijini kabla ya kupanda hadi wadi na kaunti. Haikungoja wanakijiji wafunge safari hadi Wote. Kwa hiyo chagua watu ishirini, kila mmoja awapigie simu watano anaowafahamu, si kuwatumia ujumbe. Sauti ya binadamu ikisema "nitakungoja stejini" ni vigumu kuikataa.

Na pika. Serikali ya Kenya ilipotaka wananchi wapande miti tarehe 13 Novemba 2023, ilitoa siku nzima ya mapumziko. Wewe huna mamlaka ya kutoa sikukuu, lakini una sufuria. Weka neno muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye mstari wa kwanza wa tangazo, juu ya ajenda, na uhakikishe umeiva kweli.

Kabla watu hawajainuka, pangeni tarehe ijayo papo hapo, na kila mmoja aseme kwa sauti ni nani atakayempigia simu.