Sebule ya Wageni

Saa nane mchana, nyumba mpya ya Chamazi, upande wa Mbagala. Dada wa kazi amemaliza kudeki na ametoka. Sebuleni wamebaki Kigae, Ndala ya bafuni, Dekio ndani ya ndoo yake, na Mkongojo wa bibi aliyefika jana kutoka Ikwiriri.

KIGAE: Nani huyo ananikwaruza?

MKONGOJO: Ni mimi, kijana. Nimeteleza, nikakushika usoni.

KIGAE: Mzee, jiangalie. Mimi nimechomwa kiwandani Mkuranga kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, nikang'arishwa mpaka mgeni akiinama anahesabu meno yake.

MKONGOJO: Mkuranga tumepita na basi. Kwetu bibi katembea miaka yote juu ya saruji, hajawahi kuomba msaada wa ukuta. Hapa anaivuka sebule kama anavuka Rufiji ya masika, na mtumbwi wenyewe ndio mimi.

NDALA: Shikamoo, Babu.

MKONGOJO: Marahaba. Angalau wewe umefunzwa.

NDALA: Lawama zote naletewa mimi. Bibi akiyumba kidogo, "ndala hizo!" Kweli soli imelika, mistari imefutika, maji yakiingia chini yangu hayana pa kutokea, naelea juu yake. Lakini nilinunuliwa nyumba haijapauliwa! Pesa ya vigae ilikopwa benki. Ya ndala, subirini mwisho wa mwezi.

KIGAE: Nikiwa mkavu sina ugomvi na mtu. Muulizeni Dekio.

DEKIO: Mimi? Kila siku natumbukizwa kwenye sabuni ya unga kikombe kizima, maana mama mwenye nyumba anapenda harufu. Hakuna wa kunisuuza. Povu likikauka linaacha utando, na akipita mtu aliyetoka kuoga, utando unafufuka. Kijiko kimoja kingetosha, kisha maji matupu, mwisho tambara kavu. Lakini nani anasikiliza dekio?

MKONGOJO: Bibi ana redio. Ilisema Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio wengi.

KIGAE: Hao walianguka juu ya vigae vya kuagizwa nje.

NDALA: Kule taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, wakikupokea na nyonga iliyovunjika hawakuulizi kigae kilitoka kiwanda gani.

MKONGOJO: Na bafuni je? Nimepita usiku, nikasimama bila taabu.

DEKIO: Kule waliweka vigae vidogo vyenye uso wa mparuzo, na viungo vingi vya kushika mguu. Fundi alishauri na sebuleni waweke hivyo hivyo.

KIGAE: Vile havitoki vizuri kwenye picha.

NDALA: Bibi alipolalamika walimtandikia mkeka wa ukindu. Almanusura aondoke nao mpaka kwenye meza ya televisheni! Mkeka mtupu juu ya huyu bwana ni mtego. Bora kapeti lenye mpira chini, tena lifike mpaka mlango wa bafuni, huko ndiko miguu inakotoka na maji.

MKONGOJO: Mimi nimeshajitafutia. Mlinzi wa jirani ana katambuga iliyokatika. Kipande cha tairi nikivishwa mguuni, nitakanyaga popote.

DEKIO: Msihangaike. Jana usiku wenye nyumba walikaa kikao juu ya bibi, nikiwa hapa hapa.

MKONGOJO: Wananunua kapeti?

DEKIO: Jumamosi wanakuja wakwe. Imenunuliwa dawa ya kung'arisha sakafu, lita tano.

KIGAE: Hayo ndiyo maneno!

MKONGOJO: Na bibi?

DEKIO: Atawekewa kiti uani mpaka wageni waondoke.

MKONGOJO: Uani kuna sakafu gani?

NDALA: Saruji ya mparuzo, Babu. Mkopo uliishia mlangoni.

MKONGOJO: Basi tuhamisheni leo, msingoje Jumamosi.