Mnyororo wa Yadi Kumi

Buffalo, New York
Alhamisi, Januari 30, 2025

Mjomba, shikamoo. Na nyote hapo kijiweni, wenye kikombe mkononi na wanaosubiri kulipiwa, salamu.

Mji huu una msiba tangu Jumapili na hakuna aliyekufa. Nilipofika kazini Jumatatu alfajiri, ghala lilikuwa kimya, hata redio hakuna aliyeiwasha. Msimamizi wetu, mtu ambaye ukichelewa kidogo anakuangalia wewe kisha anaiangalia saa, alikuwa amechuchumaa katikati ya makasha. Ameweka kalamu sakafuni, anawaonyesha vijana mpira ulifika wapi na refa aliuweka wapi. Kati ya hapa na hapa pangepita viganja viwili. Kazi ilianza karibu nusu saa baadaye na hakuna aliyeulizwa. Nikajua kumbe jambo ni zito.

Timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, Bills, imetolewa tena na Kansas City Chiefs, 32 kwa 29, mechi moja tu kabla ya fainali. Naandika "tena" kwa makusudi. Chiefs walitutoa Januari 2021, wakatutoa Januari 2022, wakatutoa Januari 2024, na sasa wametutoa 2025. Ndiyo, nasema "walitutoa". Mimi niliyewaaga hapo kijiweni kwa kujigamba kwamba nakwenda kutafuta maisha, si kushangilia watu waliovaa makofia ya pikipiki, leo nina kofia ya sufu yenye nyati wa buluu na sauti imenikauka.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze mnyororo.

Mchezo wenyewe si mgumu. Timu inapewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10. Yadi ni ileile ya vitambaa dukani Ngamiani, kwetu Tanga, kwa hiyo yadi 10 ni mita tisa na kitu. Ukizitimiza, unapewa nafasi nne nyingine. Ukishindwa, mpira anakabidhiwa adui palepale ulipoangukia. Sasa hizo yadi 10 zinapimwaje? Hapo ndipo mkae vizuri.

Hii ni nchi ambayo choo cha kazini kinajimwagia maji chenyewe kabla hujasimama, na mlango wa duka unafunguka wakati wewe bado unahesabu kama hela inatosha. Ndani ya mpira wenyewe, tangu 2017, kuna kidude cha kielektroniki kinachotuma habari za mwendo wake. Basi likizuka suala la kama yadi 10 zimetimia, mchezo unasimama, uwanja mzima unanyamaza, na kutoka pembeni wanakuja watu wazima wanakimbia mchakamchaka, wamebeba fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo. Mnyororo, mjomba, wa chuma, wenye pete. Na kwenye huo mnyororo kuna kibanio kidogo kilichobanwa sawasawa na mmojawapo wa mistari iliyochorwa kila yadi tano, ili wakiuhamishia katikati ya uwanja ujulikane kule pembeni ulikuwa umekaa wapi. Mmoja anaikita fimbo ya nyuma, mwingine anavuta ya mbele mpaka mnyororo ukaze, refa anainama, anachungulia kati ya fimbo na ncha ya mpira. Ukipungua upana wa kidole, umepungua. Nilipouona mara ya kwanza nilisema hawa ndio watu waadilifu duniani.

Halafu nikauliza mpira pale chini kauweka nani. Kauweka mwamuzi. Kwa kipimo gani? Kwa jicho. Wanaume wamerundikana, mpira umelaliwa na jitu la kilo 140, mwamuzi anakuja mbio kutoka pembeni, anachomeka mguu mahali anapoamini mwendo uliishia, na mpira unawekwa sawa na mguu wake. Baada ya hapo ndipo unaletwa mnyororo kupima kwa unywele kitu kilichowekwa kwa kukisia. Fundi cherehani akikukisia kiuno kwa macho kisha akakata kitambaa kwa rula, suruali unamwachia mwenyewe. Hapa wamejaza uwanja na wamelipa pesa nzuri kuitazama hiyo suruali ikishonwa.

Sasa Jumapili. Robo ya nne ndiyo kwanza imeanza, Bills wanaongoza 22 kwa 21, nafasi ya nne, imebaki yadi moja, na moja yenyewe haikukamilika. Josh Allen, kwotabeki wetu, yaani kiongozi wa mashambulizi, jibaba la futi sita na inchi tano, akaupokea mpira, akauficha kifuani, akajitosa kwenye rundo. Waamuzi wawili wakaja mbio, mmoja kutoka kila upande. Wa upande huu mguu wake ulikuja na alama ya mbele, wa upande ule ya nyuma. Ikachukuliwa ya nyuma. Wakairudia kwenye televisheni. Kanuni inasema uamuzi wa uwanjani haubatilishwi mpaka picha ioneshe kosa waziwazi, na mpira ulio chini ya matumbo ya watu hauoneshi chochote waziwazi. Kwa hiyo jicho lililokisia likapewa ushindi, kwa sababu hakuna jicho jingine lililoweza kuthibitisha kwamba lilikisia vibaya. Chiefs wakachukua mpira, wakaenda nao mpaka mwisho, ikawa 29 kwa 22. Bills walisawazisha, ndiyo, na mwishoni wakapata nafasi nyingine wakaipoteza wenyewe bila msaada wa refa. Hilo huku halizungumzwi. Nimejaribu kulitaja ghalani nikaulizwa kama nimetokea Kansas City.

Chumbani tulikuwa wengi, maana jirani yangu wa chini ni Mkongomani wa Bukavu na televisheni yake ni pana kuliko dirisha. Wakongomani na Warundi hapa upande wa magharibi wa mji ni wengi, ukifumba macho dukani utasema uko Kigoma. Yeye huwa anautazama mpira huu kwa mashaka, akisubiri nimwambie goli liko wapi. Uamuzi uliporudiwa kwenye skrini mara ya sijui ngapi, akaniuliza taratibu: "Ndugu yangu, hawa batu balituma mutu mpaka ku mwezi, sasa banashindwa kujua mupira ilifika wapi?" Sikuwa na jibu. Nikala bawa la kuku.

Na sikilizeni hili, kwa sababu najua mjomba atalipenda. Televisheni za hapa huajiri marefa wastaafu kueleza maamuzi ya wenzao walio kazini. Aliyekuwapo Jumapili ni Gene Steratore, naye alisema kwa maoni yake Allen alifika. Mji mzima ukamshika huyo kama shahidi wa haki. Lakini Steratore huyuhuyu ndiye aliyekuwa refa Januari 2015, Dez Bryant wa Dallas alipourukia mpira kule Green Bay, akaudaka mbele ya macho ya nchi nzima, wakaenda kwenye picha, wakarudi na kusema hakuudaka. Dallas hawajalala mpaka leo. Baadaye, 2018, kanuni ya kudaka ikaandikwa upya, na Dallas ndio hawakulala zaidi. Na huyuhuyu, Desemba 2017, katika mechi ya Dallas na Oakland, mnyororo uliletwa, ukavutwa, na mpira ukawa umeikaribia fimbo kiasi kwamba hakuna aliyejua kama umegusa. Refa akatia mkono mfukoni akatoa kikaratasi. Akakikunja, akakipitisha kati ya mpira na fimbo. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi, kila nikihisi Marekani inataka kunitisha na ukubwa wake. Basi mahakama ya rufaa ya Buffalo ni mzee wa kikaratasi.

Watu hawa nimewapenda kwa jinsi wanavyotunza machungu. Bills walifika fainali ya Super Bowl misimu minne mfululizo, wakashindwa zote nne. Ya kwanza, Januari 1991, walihitaji mkwaju mmoja tu wa mwisho wa yadi 47. Mpira ukapita kulia kwa goli, wakafungwa 20 kwa 19. Mtoto aliyezaliwa miaka 20 baadaye anakueleza mkwaju ule mpaka upepo ulivyovuma. Januari 2000 walikuwa wanaongoza kule Nashville, zimebaki sekunde chache. Tennessee wakarushiana mpira kutoka upande hadi upande, wakakimbia mpaka mwisho. Kanuni inakataza kuurusha mbele katika hali hiyo. Je, ule ulikwenda mbele au ulikwenda sambamba? Refa aliangalia picha akasema halali. Ukitaka kujua kama mtu ni mzaliwa wa Buffalo, chora mstari mezani umuulize.

Mimi huyo nikawaambia mbona hayo kwetu ni ya kawaida, timu yangu ni Coastal Union ya Tanga, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara 1988, na tangu hapo tunasubiri. Mjomba, waliniangalia kwa heshima ambayo sijaipata tangu nitue. Kijana mmoja akanishika bega. Nikawaeleza na ile penalti ya uwanjani Mkwakwani tuliyonyimwa, nikasimama kuonyesha beki alivyoingia na mshika kibendera alikuwa upande gani. Nilipokumbuka kwamba wewe husema haikuwa penalti, nikaongeza sauti, maana hukuwepo kunikatiza. Ilikuwa raha nusu. Kubishana bila mtu wa kukutukania ukoo kidogo hakushibishi.

Kuna mengine nisiyoyaelewa. Mashabiki hawa wakifurahi hujirusha juu ya meza za kukunja mpaka zivunjike. Wiki iliyotangulia tuliposhinda, nilipoona meza inafunguliwa uani nikanawa mikono. Ikavunjwa mbele yangu, na pilau halikuwepo. Na Januari ya mwaka jana, theluji ilipoufunika uwanja wao kule Orchard Park na mechi ikasogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu, klabu ilitangaza dola 20 kwa saa kwa yeyote atakayekuja kufukua viti. Watu walipanga foleni usiku, kwenye baridi. Msimsomee mama sehemu hii: mtoto wake, aliyekuwa akiambiwa afagie ua anaumwa tumbo, aliulizia kwa simu kama nafasi bado zipo.

Lakini lililonifanya nikae niandike ni jirani wa nyumba ya kulia. Majira yote ya baridi tumepita mlangoni pamoja, yeye anatikisa kidevu, mimi natikisa kidevu, basi. Mwanzoni nilikuwa nikimsalimia kikwetu, habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo. Akawa anaharakisha kuingia ndani. Jumanne niko nje nachota theluji kwenye ngazi, akaja na koleo lake, akasimama. Akasema bila salamu, "Yule wa upande wa kushoto aliona vizuri." Nikamwambia hata mimi nasema hivyo, wa kulia alikuja amechelewa na mwili ulimziba. Tukasimama pale. Alichora mstari kwenye theluji kwa koleo, mimi nikawa Allen, yeye akawa refa, kisha tukabadilishana. Miguu iliniganda nikajifanya haijaganda. Saa nzima, mjomba. Nilipoingia ndani mke wake alikuwa dirishani kwao, ametuangalia muda wote, akanipungia mkono.

Jana asubuhi nimempitia na nusu ya kashata mlizonitumia. Ameuliza zimepikwa na nani. Kwa hiyo tumeni nyingine, za nazi, na mzifunge vizuri, zilizopita zilifika unga.

Mambo ya nyumbani: hela ya mabati nimetuma kwa simu ya shangazi, msimwachie fundi yule wa mwanzo. Mimi mzima, kikohozi kimepungua.

Fainali ni Jumapili ya Februari 9, Chiefs na Philadelphia Eagles, itachezwa New Orleans. Mji huo nao una kesi yake. Januari 2019, katika mechi ya kwenda fainali, mchezaji wa Los Angeles Rams alimvaa mpokeaji wa timu ya mji huo kabla mpira haujafika, mchana kweupe, ndani ya uwanja wao, na hakuna mwamuzi aliyerusha kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa. Rams wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Wenyeji walikwenda hadi mahakamani. Ligi ikabadilisha kanuni ili kosa la aina hiyo liweze kuangaliwa kwenye picha, ikaijaribu msimu mmoja, ikaifuta. Basi Chiefs wanakwenda kuchezea hapo, na natumaini wenyeji watawapokea inavyostahili.

Kwenu itaanza saa nane na nusu usiku kuamkia Jumatatu. Msiamke, Buffalo haimo. Ila mjomba najua utaamka, kwa hiyo shangilia Philadelphia, na akikuuliza mtu sababu mwambie una mpwa Buffalo kadhulumiwa yadi moja. Ukiona mnyororo umeletwa, nipigie hata kama hakuna salio, beep tu, nitakurudishia.

Mpwa wako,
wa Buffalo