Kitako, Bega na Bomba la Pazia

Uteuzi wa bunduki ya marisau, yaani ile inayorusha vipira vingi vidogo badala ya risasi moja na ambayo watu wa mjini huiita shotigani, ni kazi ya bega kabla ya kuwa kazi ya jicho, na hapo ndipo mkazi wa Kariakoo anapopotea, kwa kuwa mtaa uliomlea umemzoesha kununua kila kitu kwa jicho na kwa mdomo. Kiatu hukunjwa soli, simu hugeuzwa mgongo, kitenge husuguliwa kwa vidole, kisha bei huteremshwa. Lakini bunduki haitandikwi Mtaa wa Kongo, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimilikiwi bila leseni, ambayo maombi yake huanzia serikali ya mtaa na kupanda ngazi za kamati za ulinzi na usalama. Vituko vyote huzaliwa katika kipindi hicho cha kusubiri, maana mwombaji hukitumia kujielimisha.

Kituko cha kwanza ni cha hesabu. Upana wa mtutu hupimwa kwa geji, nayo huhesabiwa kinyumenyume: geji 12 maana yake ni kwamba vipira 12 vya madini ya risasi, kila kimoja kikiwa na upana wa tundu la mtutu, vina uzito wa ratili moja, takriban gramu 454, hivyo geji 20, ambayo vipira vyake ni vidogo zaidi, ina tundu la milimita 15.6 tu dhidi ya 18.5 za geji 12. Mtu aliyekua akijua kwamba kiatu namba 45 hukimeza namba 40 hawezi kukubali jambo hilo, kwa hiyo hutangaza kwenye baraza la kahawa kwamba yeye ni mtu wa ishirini na kwamba kumi na mbili ni ya watoto, na baraza zima, ambalo halijawahi kushika hata moja, humwongezea kashata kwa heshima. (Geji 20 yenyewe haina kosa: ni nyepesi, na humfaa anayeshinda porini akifuata kanga na kwale.)

Anayetaka pia mchezo wa kulenga visahani hukutana na mgogoro mwingine. Visahani hivyo, vyenye upana wa milimita 110 na vilivyofinyangwa kwa lami na unga wa chokaa ingawa huitwa vya udongo, hurushwa na mtambo badala ya njiwa hai, ambao bado walilengwa mjini Paris mwaka 1900 wakati wa Olimpiki. Mlenga visahani hupenda bunduki nzito yenye mitutu iliyopandana, kwa kuwa uzito humeza teke. Mwindaji huipenda hivyo hivyo kwa kilomita moja ya kwanza.

Lakini kiini ni kitako, yaani sehemu ya mbao inayokaa begani. Kikizidi urefu hunasa kwapani, kikipungua kidole gumba huipiga pua, na ndiyo sababu wenye busara hupimwa mkono. Mwombaji wa Kariakoo naye hupimwa, ila kwa fundi cherehani, ambaye huzungusha futi kamba kwa uaminifu wote na kuuliza kama mikono itakuwa mirefu au mifupi.

Mazoezi hufuata, tena katika duka la mapazia, kwa bomba la pazia. Mwombaji hulitua begani, hufumba jicho moja na kumfuata kunguru anayekatiza juu ya Mtaa wa Msimbazi, mjukuu wa kunguru walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890. Wamachinga wa jirani, wakiona watu wanatawanyika, hukunja maturubai wakidhani mgambo wamefika, kunguru hutua juu ya waya, huinamisha shingo na kulitazama tundu la bomba, na muuza mapazia, ambaye hajanyanyua macho kwenye kikokotoo, huuliza kwa upole: “Bosi, unachukua moja au jozi?”